Simu Yangu Ndogo na Mzigo wa Mama

Wengi wenu mmenizoea nikiandika juu ya chanjo, malaria na lishe ya watoto. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakimo katika kabati la dawa, lakini kimo katika mkoba wa karibu kila mmoja wetu. Nacho ni simu. Nitaanza na simu yangu mwenyewe.

Simu yangu ni ndogo sana. Chukua viberiti viwili vya kawaida, uvipange kwa urefu: huo ndio urefu wake, ila yenyewe ni pana na nene kidogo zaidi. Kioo chake ni cha inchi 3. Lakini si kitochi, wala si kile ambacho vijana hukiita kiswaswadu. Ni simu janja kamili. Ina WhatsApp, ina kamera, ina ramani, inaingia kwenye intaneti. Nimetembea nayo kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa hapa Tabora, kazini, sokoni, kanisani na nyumbani. Baba watoto alipoiona mara ya kwanza alicheka sana. Akaniuliza, "Mama, hii ni simu au ni kifungo cha koti?"

Wengi wameniuliza swali kama hilo, ila kwa adabu zaidi. Wengine wanadhani nimefilisika. La hasha! Ngoja niwaeleze jinsi ilivyokuwa.

Mara tatu

Zamani nilikuwa na simu kubwa, ya zaidi ya inchi 6. Nilikuwa katika makundi 14 ya WhatsApp: la kazini, la kwaya, la umoja wa wanawake, la wazazi wa shule, la ukoo, na ya harusi ambazo zilikwisha kufungwa na watoto wamekwisha kuzaliwa. Nikitoka zamu jioni, navua viatu, nakaa kwenye kochi, napangusa kioo. Nilijiambia kwamba napumzika. Na kweli, mama anayesimama wodini tangu asubuhi anahitaji kupumzika.

Jioni moja binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuja akakaa pembeni yangu. Akasema, "Mama, nina jambo nataka kukuambia." Nikamjibu, "Subiri kidogo mwanangu, namalizia hii." Sikumaliza. Kesho yake akaja tena, nikamwambia vilevile. Siku ya tatu nadhani alisimama tu mlangoni. Sikumbuki vizuri, maana sikuinua macho.

Wiki iliyofuata dada yake mume wangu alikuja kutoka Isevya kutusalimu. Wakati wa kuondoka akaniomba nimsindikize. Tulipofika barabarani akasema, "Wifi, unajua kwamba mtoto anasumbuliwa na kijana wa bodaboda?" Sikujua. Kijana yule alikuwa akimpa lifti ya bure kutoka shuleni. Baadaye akaanza kumpa vijizawadi, na sasa alikuwa akidai malipo yake. Mtoto alikuwa ameogopa hata akaacha njia yake ya kawaida, akawa anazunguka mbali ili asikutane naye.

Nikauliza, "Mbona hakuniambia mimi mama yake?" Wifi yangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Anasema alijaribu mara tatu. Ulikuwa kwenye simu."

Wapendwa, mimi ni muuguzi wa zaidi ya miaka 20. Nimewapokea wasichana wa umri ule wodini, wakiwa na tumbo la miezi saba na macho ya mtoto. Nimewauliza mama zao, "Hukujua?" Nao wamenijibu kwamba hawakujua, na moyoni mwangu nimewahukumu. Siku ile nilisimama barabarani nikaona kwamba nilibakiza hatua chache tu niwe mmoja wao.

Tunamshukuru Mungu, tuliwahi. Mimi na baba yake tulikwenda shuleni, tukazungumza pia na wazee wa kijiwe cha bodaboda, na kijana yule akaacha. Nilimwomba binti yangu msamaha. Alisema, "Haina shida, Mama." Lakini ninyi mnajua jinsi mtoto anavyosema neno hilo wakati shida ipo.

Simu ilivyoingia nyumbani

Haikupita muda, mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Dar es Salaam akaja likizo. Alikuwa na simu hii ndogo. Aliinunua kwa kuipenda sura, kisha ikamshinda, maana kazi yake ni ya kusoma nyaraka ndefu. Nilipomsimulia habari ya mtoto, akaitoa mfukoni akasema, "Dada, chukua hii. Hutaweza kukaa nayo saa nzima hata ukitaka." Tukabadilishana, yeye akachukua ile yangu kubwa.

Nilidhani simu za namna hii ni kichekesho kipya. Baadaye nilijifunza kwamba sivyo. Simu janja hazikuanza zikiwa kubwa. iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5 tu, na watu waliiona kubwa. Tangu hapo vioo vimekua mwaka hadi mwaka, na leo simu nyingi madukani zimepita inchi 6. Wako waliojaribu kurudi nyuma. Mwaka 2017 kampuni ya Unihertz ya Shanghai, China, ilitoa simu iitwayo Jelly yenye kioo cha inchi 2.45. Mwaka 2018 ilitoka Palm ya inchi 3.3, na wenyewe waliitangaza kuwa ni simu ya kumpumzisha mtu na simu yake kubwa. Hebu fikiri! Watu wametengeneza simu ya kupumzikia kutoka kwenye simu.

Hapa kwetu udogo ulikuja kwa njia nyingine, yaani njia ya bei. Mwaka 2019 zilianza kuuzwa simu za vitufe zilizoitwa Smart Kitochi, zenye mfumo wa KaiOS. Zilikuwa za bei nafuu, na mama wa kijijini aliweza kupata WhatsApp katika simu yenye sura ya kitochi. Akina mama kadhaa wa umoja wetu walizinunua. Lakini mwezi Juni 2024 WhatsApp waliacha kusajili watu wapya katika mfumo huo, na mwanzoni mwa mwaka 2025 huduma hiyo ikakoma kabisa. Simu ilibaki inapiga na kupokea, lakini kundi la umoja likawa limefungwa kwao. Mama mmoja alidhani tumemtoa kwa makusudi! Ilibidi niende nyumbani kwake kumweleza.

Kwa hiyo, ukitaka simu ndogo, usitazame udogo na bei peke yake. Muulize muuzaji: hii inatumia mfumo gani, na programu ninazozihitaji bado zinafanya kazi ndani yake? Asipojua, mwambie akufungulie hapohapo dukani, uone kwa macho yako.

Mzigo wa mpagazi

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kuelewa habari ya ukubwa wa mzigo kuliko watu wengine. Mji wetu ulikua kwa sababu ya mizigo. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji, kwenye ziwa. Waliobeba ni wapagazi, na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Kila mmoja alichukua yapata kilo 30 za pembe, vitambaa au shanga, na juu yake vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula. Wako waliofuatana na wake zao, na akina mama hao walibeba vyombo na kupika njiani.

Burton na Speke walifika hapa mwezi Novemba 1857, baada ya miezi minne na zaidi tangu waondoke pwani. Wasafiri wa siku zile waliandika jinsi wapagazi walivyogombania mizigo wakati wa kuanza safari. Kila mmoja alinyanyua, akapima kwa mikono, akaweka chini, akajaribu mwingine. Wageni waliona kama fujo. Mimi naona akili. Mtu anayejua kwamba atatembea miezi mitatu hachukui mzigo kabla ya kuupima.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaona tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi kurudi pwani, na Livingstone akasubiri mpaka Agosti ndipo wakafika watu na vifaa kutoka pwani. Miezi mitano mtu anasubiri! Leo ujumbe wa Dar es Salaam unanifikia kabla sijameza tonge. Ni baraka, siwezi kukana. Mimi nilikua wakati wa kupanga foleni kwenye kibanda cha simu ili kuongea na mjomba dakika tatu. Lakini zamani safari ndefu ndiyo iliyouchuja ujumbe. Usio na maana haukubebwa. Sasa hakuna kinachochuja. Kila kitu kinafika, na kinafika kwangu mimi, jioni, nikiwa nimechoka, na mtoto amesimama mlangoni.

Basi, simu ndogo imenifanyia kazi ya kuchuja. Haikunipa hekima, ila ilinilazimisha kupima mzigo.

Yaliyokuwa mepesi

La kwanza ni mwili. Simu ile kubwa ilivuta mfuko wa gauni langu la kazi, na mara mbili iliniponyoka nikiinama kumhudumia mgonjwa. Hii naisahau kabisa. Nikiwa na khanga, inakaa kibindoni kama pesa za bibi yangu.

La pili ni muda. Video katika kioo cha inchi 3 hainogi. Habari ndefu za umbeya zinachosha macho kabla hazijachosha roho. Nilijikuta nasoma ujumbe wa lazima, najibu kwa sauti, naiweka chini. Kutoka makundi 14 nimebaki na 5. Niliaga kwa heshima, na nikawaambia wote: mwenye jambo la haraka anipigie.

La tatu ni watoto. Mdogo wetu wa miaka mitatu alikuwa amezoea kulishwa huku akitazama katuni. Simu hii aliitazama siku mbili, akaitupa, akaenda kucheza na mchanga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Nilikuwa nauhubiri mwongozo huo kliniki kila Jumatatu, na nyumbani nikiuvunja kila chakula cha jioni.

Yaliyokuwa mazito

Sasa nisiwadanganye. Simu ndogo ina hasara zake, na moja iliniumiza.

Mimi ni mtunza hazina wa umoja wa wanawake. Tulichanga Shilingi 60,000 za kumsaidia mjane mmoja aliyekuwa na mgonjwa. Nilizituma kwa simu jioni, nikiwa nimesimama kituoni, bila miwani. Vidole vyangu ni vya mtu mzima, na tarakimu kwenye kioo kile ni kama punje za ulezi. Nilikosea tarakimu moja. Jina la mpokeaji lilitokea kabla sijathibitisha, kama kawaida, lakini sikulisoma. Niliona maandishi, nikadhani ni yeye, nikaweka namba ya siri.

Nilipogundua, nilipiga simu kwa huduma ya wateja mara moja. Aliyepokea fedha alikuwa amekwisha kutoa sehemu kubwa. Zilirudi Shilingi 22,000. Zile 38,000 nililipa mwenyewe, na Jumapili nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza yote. Mwenyekiti wetu aliniita pembeni akasema, "Dada, tukuchangie?" Nikakataa. Lakini neno lile lilinifariji kuliko fedha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye hakuuona wangu hivyo.

Jambo lile lilinipeleka kliniki ya macho, mimi ambaye huwapeleka wengine. Akina mama, sikilizeni. Mtu akifika miaka arobaini na kuendelea, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na vitu vya karibu huanza kufifia. Utajiona unasogeza simu mbali, unanyoosha mkono, unatafuta mwanga. Si uchawi, na si simu ndogo iliyoleta ugonjwa huo. Simu ndogo imeufichua tu. Dawa yake mara nyingi ni miwani ya kusomea. Ila usinunue ya barabarani kabla ya kupimwa, kwa sababu umri huohuo unaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na kisukari nacho huharibu macho polepole. Presha ya macho yaweza kukupofusha bila maumivu yoyote. Kipimo ndicho kitakachojua tofauti.

Hasara nyingine ni betri. Simu ndogo ina betri ndogo. Kwa mfano, Jelly Star iliyotoka mwaka 2023 ina betri ya mAh 2,000, wakati simu nyingi kubwa za sasa zina mAh 5,000. Kwa sababu siangalii video, yangu hunifikisha jioni. Lakini umeme ukikatika, au nikiwa zamu ya usiku, inaweza kuzima wakati wa hatari.

Na ziko kazi ambazo haifai kabisa. Matokeo ya mitihani ya watoto, fomu za serikali, ratiba ya zamu yenye vijisanduku vingi, hayo nayasoma kwenye simu ya baba watoto, yeye akiwa amekaa pembeni yangu. Hata hilo limekuwa na faida, maana sasa tunasoma pamoja. Na dozi ya dawa sisomi kamwe kwenye picha iliyotumwa katika simu hii. Kati ya 0.5 na 5 kuna nukta moja tu, na katika kioo kidogo nukta hiyo inaweza kupotea, na mtoto naye akapotea. Ukitumiwa dozi kwa ujumbe, mpigie aliyekutumia, mwambie akutamkie kwa mdomo, wewe uandike, kisha umsomee alichosema.

"Hata hiyo?"

Nilitamani niishie hapa, niwaambie kwamba tangu nipate simu ndogo nyumba yetu ni ya amani. Lakini mwezi uliopita kulitokea jambo. Kulikuwa na mabishano katika kundi la umoja juu ya sare ya kitenge, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya kasimu kangu, nimevaa miwani, nimekasogeza puani, najibu. Binti yangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, alikuwa akimenya viazi mbele yangu. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hata hiyo?"

Sikuwa na la kujibu. Niliiweka chini, nikachukua kisu, nikamenya viazi. Tulikaa kimya mpaka sufuria ikajaa. Ndipo akaanza kunisimulia habari za shule, kidogokidogo, na mimi sikuuliza swali lolote. Niliogopa kukata uzi.

Ndugu zangu, siku ile nilielewa kwamba nilikuwa nimeipa simu sifa isiyo yake. Mpagazi aliyechukua mzigo mwepesi bado alipaswa kutembea mwenyewe. Ninyi mnaikumbuka habari ya Martha na Mariamu. Martha hakuwa mwovu. Alikuwa mama mwenye shughuli nyingi halali, kama sisi. Na makundi yetu mengi ni halali: ya kanisa, ya kazi, ya ukoo. Ndiyo maana ni vigumu kuyaweka chini.

Ushauri wangu kwako, mama

Sikuambii utupe simu yako ukanunue ndogo. Wengi hawana fedha za kubadilisha, na wengine kazi zao zinahitaji kioo kikubwa. Lakini yako mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya wiki hii, simu yake iwe kubwa au ndogo.

1. Pima mzigo. Kaa na simu yako usiku mmoja, hesabu makundi uliyomo. Kwa kila moja jiulize: nikitoka hapa, nani ataumia? Kama hakuna, aga kwa heshima.

2. Weka saa ya simu kulala. Kwetu ni tangu chakula cha jioni mpaka watoto wamelala. Simu zote, na ya baba pia, zinakaa juu ya kabati zikiwa na sauti, ili aliye na dharura asikike.

3. Mtoto akisema "Nina jambo," geuza simu kifudifudi kabla hujafungua mdomo. Akiona kioo kimelala, atasema.

4. Kabla ya kutuma fedha, kaa chini, vaa miwani, soma jina la mpokeaji kwa sauti. Fedha za kikundi zitumwe mkiwa wawili. Ukikosea, piga huduma ya wateja dakika hiyohiyo, usingoje kesho.

5. Usiitegemee betri katika jambo la uhai. Kama nyumbani kuna mjamzito, andika namba muhimu kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki: ya mume, ya jirani mwenye gari, ya kituo cha afya. Na uandike 115. Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao ulizinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwezi Aprili 2022. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo haihitaji intaneti wala kioo kikubwa. Hata kitochi cha zamani kinaipiga.

6. Safisha simu. Inashikwa jikoni, sokoni na chooni, kisha inawekwa sikioni na mikononi mwa mtoto. Izime, uifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo ya asilimia 70. Na chooni, jamani, tuiache nje. Hii yangu ndogo ingeteleza ikazama bila hata kupiga kelele!

Kuna bibi mmoja wa Itetemia ninayemtembelea kila mwezi na wenzangu wa kanisani. Hana simu ya aina yoyote. Tukifika anatusalimu "Mwangaluka," anatupa michembe na asali, na anatutazama usoni kila mmoja kwa zamu, mpaka unaona haya. Siku moja nilimwonyesha simu yangu. Aliigeuzageuza kiganjani, akaipima uzito wake, akanirudishia. "Ni nyepesi," akasema. "Lakini mbona uliiangalia mara mbili tangu ukae?"

Kumbe alikuwa amehesabu. Nadhani nyumbani kwako pia, mama mwenzangu, kuna anayehesabu.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Kama una ushuhuda au swali, niandikie kupitia kwa mhariri. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya presha kwa mama mjamzito.